Barua ya wazi kwa viongozi wa makanisa na vyama vya vijana wa Malindi, kabla ya kambi za mwisho wa mwaka

Kwa maaskofu, mapadre, wachungaji na wazee wa makanisa ya Malindi na Magarini. Kwa viongozi wa skauti, walezi wa kwaya na makocha wa timu za watoto. Na kwa Idara ya Huduma kwa Watoto, Kaunti ya Kilifi.

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Shule zikifungwa mwisho wa mwaka, kambi za vijana zitaanza. Mabasi yatapakia watoto kutoka Maweni, Muyeye, Kisumu Ndogo, Ganda na Kakuyuni, kila mmoja na shuka lake na sahani yake, waende kulala madarasani katika shule zilizoombwa kwa wiki nzima. Wazazi watawaaga bila wasiwasi kwa sababu moja tu: mtoto yuko na watu wa Mungu. Kabla basi la kwanza halijaondoka, naomba kila mmoja wenu awe ameandika kanuni za kuwalinda watoto hao, amezisoma mbele ya wazazi, na amekubali zimfunge yeye mwenyewe kama zinavyomfunga kijana wa kubeba spika. Mbili kati ya kanuni hizo hazina mjadala. Mtu mzima asibaki peke yake na mtoto mahali ambapo wengine hawawaoni. Na taarifa yoyote kwamba mtoto ameguswa au amedhulumiwa ipelekwe polisi na kwa afisa wa watoto siku hiyo hiyo, kabla ya kikao chochote cha wazee.

Nimefundisha Shule ya Jumapili hapa Barani tangu wanangu wakiwa wadogo, na siku hizi wanaokaa mbele yangu ni watoto wa wale niliowafundisha mwanzo. Nalipenda kanisa. Limenizikia wazazi, limenifungisha ndoa, na nilipougua wanawake wa kanisa ndio walionipikia. Ndiyo maana siwezi kuliacha liendelee kuamini kwamba upendo wake unatosha kuwalinda watoto.

Kila takwimu za mimba za utotoni za Kilifi zinaposomwa, lawama hugawanywa upesi: disco matanga (ngoma za usiku msibani), bodaboda, ufuo, simu. Sikatai. Ripoti ya UNICEF na Serikali ya Kenya ya mwaka 2006 ilikadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 katika Malindi, Kilifi, Mombasa na Diani walikuwa wameingizwa katika biashara ya ngono, na jina la mji wetu likachafuka duniani. Lakini ripoti hiyo hiyo ilisema jambo ambalo hatupendi kulirudia mimbarani, kwamba sehemu kubwa ya wanunuzi walikuwa Wakenya wenzetu. Na uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2019 kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliwauliza vijana wa miaka 18 hadi 24: asilimia 15.6 ya wanawake na asilimia 6.4 ya wanaume walisema walidhulumiwa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Chukueni kwaya yenye wasichana thelathini. Kwa hesabu hiyo, wanne au watano kati yao wanaimba wakiwa na jambo hilo kifuani. Tunawahubiria kuhusu usafi wa mwili bila kujiuliza ni nani aliyewatendea, na kama mtu huyo amekaa benchi la tatu.

Nataka tulitazame vizuri jinsi jambo hili linavyofanyika, kwa sababu wengi wenu bado mnamngoja mtu mwenye sura ya kutisha. Anayedhulumu watoto ndani ya kundi letu kwa kawaida ndiye anayewahi kufungua ukumbi na ndiye wa mwisho kuufunga. Hakatai kazi. Anajitolea kuwapeleka watoto nyumbani baada ya mazoezi. Humchagua mtoto ambaye babake yuko mbali au amefariki, ambaye mamake anauza mahamri alfajiri na kufua nguo za watu mchana. Kwanza anamsaidia mama: karo ya muhula, sare, unga. Mama anamshukuru Mungu kwa ajili yake mbele ya kanisa zima. Kisha anaanza kumpima mtoto kwa mambo madogo. Soda, na "usimwambie mama, atasema nakudekeza." Ujumbe wa simu saa nne usiku kuuliza kama ameomba kabla ya kulala. Mkono begani unaokaa zaidi kidogo kuliko inavyostahili. Mtoto aliyeificha siri ya soda ameonyesha kwamba anaweza kuficha siri, na yule mtu ameliona hilo. Siku anapovuka mpaka, mtoto tayari ana deni kwake, ana siri naye, na anajua kwamba akisema, karo ya wadogo zake itakatika. Tena yule mtu alishamwambia mama, kwa upole, kwamba binti siku hizi ameanza kuwa mwongo na huenda ana roho ya uasi, aombewe.

Kwetu kanisani kuna kitu cha ziada ambacho timu ya soka haina. Mtoto anaweza kuambiwa kwamba anayofanyiwa ni maombezi. Anaweza kuwekwa peke yake katika ofisi ya mchungaji au sakristia, mlango umefungwa, akiambiwa anafunguliwa kutoka kwenye vifungo vya mababu. Mtoto wa miaka kumi na mbili atamjibu nini mtu ambaye mamake mzazi humpigia magoti? Wengi hawapigi kelele. Mwili unaganda, ulimi unaganda, na baadaye wazee wanamuuliza kwa nini hakupiga kelele, kwa nini alirudi Jumapili iliyofuata, kwa nini amengoja miaka miwili. Naomba maswali hayo yakome. Mtoto husema siku anayopata mtu wa kumwambia.

Na msisahau wavulana. Katika kambi tunawatenga wasichana, tunawawekea mlezi wa kike mlangoni, tunaridhika. Wavulana tunawatupa chumba kimoja na "kaka mkubwa" wa miaka thelathini, tunazima taa. Mvulana akidhulumiwa aibu humfunga mdomo mara mbili, maana anaogopa pia ataitwa jina ambalo halitamtoka maisha yake yote.

Baada ya hapo ndipo tunapofika mahali panaponiuma zaidi. Naifahamu familia moja ambayo binti yao alisema. Jina la kanisa simtajii mtu. Wazee walikaa, wakamwita mwalimu wa kwaya, akalia, akatubu. Familia ikaletewa mbuzi na pesa za "kumaliza nyumbani," na baba, ambaye alikuwa na deni dukani, akapokea. Mwalimu akaondoka kimya kimya na barua nzuri ya utambulisho iliyopigwa muhuri wa kanisa. Leo anafundisha kwaya ya watoto katika kaunti nyingine. Binti aliacha kuimba, kisha akaacha shule. Katika kikao kile hakuna aliyeuliza habari za watoto wa kule alikokwenda.

Waheshimiwa, kikao kama kile hakina mamlaka. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006 inasema anayemnajisi mtoto wa miaka kumi na mmoja au chini yake hufungwa maisha. Mtoto wa miaka 12 hadi 15, kifungo si chini ya miaka 20. Wa miaka 16 hadi 18, si chini ya miaka 15. Kifungu cha 24 kinamgusa hasa mtu aliye katika nafasi ya kuaminiwa anayeitumia nafasi hiyo kumshawishi mtoto aliye chini ya uangalizi wake: si chini ya miaka 10. Na kifungu cha 40 kinasema uamuzi wa kusimamisha uchunguzi au kesi ya namna hii ni wa Mwanasheria Mkuu, na tangu Katiba ya 2010 mashtaka ya jinai yako kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Familia haina uwezo huo. Chifu hana. Askofu hana. Mbuzi akishachinjwa, kosa bado liko palepale.

Nimewahi kuambiwa kwamba haya ni mambo ya Wazungu na makanisa yao. Basi sikilizeni habari ya John Smyth. Alikuwa wakili Mwingereza aliyekuwa kiongozi katika kambi za Kikristo za wavulana miaka ya 1970. Aliwapiga wavulana hao vipigo vya kikatili akidai anawalea kiroho. Mwaka 1982 taarifa iliandikwa, ikasomwa na viongozi wachache, ikafungiwa. Polisi hawakuambiwa. Mwaka 1984 akahamia Zimbabwe, akaanzisha kambi nyingine, za wavulana wa Afrika safari hii. Desemba 1992 kijana wa miaka 16, Guide Nyachuru, alikutwa amekufa kwenye bwawa la kuogelea la kambi yake. Smyth alihamia Afrika Kusini na akafa mwaka 2018 bila hukumu yoyote. Novemba 2024, ripoti ya uchunguzi wa Kanisa la Uingereza (Anglikana), iliyoandikwa na Keith Makin, ilipotoka na kuhesabu waliodhulumiwa zaidi ya mia moja, wengi wao Zimbabwe, Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, alitangaza kujiuzulu. Walioinyamazia taarifa ya 1982 walidhani wanalinda injili. Kimya chao kilisafiri kwa ndege hadi bara letu.

Na hapa Kenya, Gregory Dow, Mmarekani, alifungua makao ya watoto huko Boito, Bomet, mwaka 2008. Mwaka 1996 alikuwa amekiri kosa la shambulio lenye nia ya dhuluma ya kingono katika jimbo la Iowa. Rekodi ilikuwepo. Februari 2021 mahakama ya Pennsylvania ilimfunga zaidi ya miaka 15 kwa kuwadhulumu wasichana wanne wa makao yale. Sisi wa Malindi tuna wageni wengi wenye mioyo mizuri ambao wamejenga madarasa na visima, na ninawaombea. Lakini tumezoea kwamba mgeni akija na mpira, peremende na kamera, mlango unafunguka wenyewe. Mgeni na mwenyeji wapite mlango mmoja: cheti cha maadili mema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai, au kutoka polisi wa nchi yake, na simu mbili tatu kwa watu waliofanya naye kazi, mkiuliza swali moja bila kuzunguka, "Ungemwachia mwanao?" Cheti peke yake hakitoshi, maana wengi wa watu hawa hawajawahi kushtakiwa, kwa ajili ya vikao vile vya mbuzi.

Sitaweza kuandika barua hii kutoka Malindi bila kutaja Shakahola, msitu ambako wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie walikufa kwa kufunga. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia Aprili 2023, mingi ikiwa ya watoto, na Mackenzie na wenzake walishtakiwa katika Mahakama Kuu hapa Malindi kwa mauaji ya watoto 191, mashtaka waliyoyakana mwaka 2024. Hukumu ni ya mahakama. Lakini mwaka 2017 watoto walikuwa tayari wameokolewa kutoka kanisa lake hapa mjini, na akakamatwa. Mwaka 2019 kanisa likafungwa, yeye akahamia msituni, na tukaona jambo limekwisha. Kamati ya Seneti iliyoongozwa na Danson Mungatana iliripoti Oktoba 2023 kwamba ishara za hatari zilikuwepo na waliopaswa kuchukua hatua hawakuchukua. Kisha mwaka 2025 tukasikia tena makaburi, katika kijiji cha Kwa Binzaro, Kilifi hii hii. Tangu hapo nchi inajadili kusajili makanisa. Usajili ni mzuri, lakini hautamwona mtu aliyefunga mlango na mtoto Jumamosi alasiri katika kanisa lililosajiliwa tangu zamani za wakoloni. Huyo ataonwa na kanuni yenu, na mama mfagiaji aliyeruhusiwa kusema.

Kanuni zenyewe hazihitaji wafadhili. Mazoezi ya kwaya yawe na watu wazima wawili wasio wa familia moja. Maombezi ya mtoto yafanyike mahali penye macho, mlango wazi, na mzazi au mwanamke mwingine akiwepo. Kuungama pia kunaweza kufanyika kanisani penye watu, kwa sauti ya chini. Katika kambi, watu wazima walale mbali na watoto, na wawili wawe zamu usiku kwa kupokezana. Watoto waoge na kujisaidia mahali penye mlango unaofungwa kwa ndani. Kiongozi asimwandikie mtoto ujumbe binafsi. Kuwe na kundi la simu lenye wazazi ndani. Asimpakie mtoto mmoja kwenye pikipiki yake usiku baada ya kesha. Zawadi na karo zipitie kamati, ili mtoto asijue nani kamlipia na asiwe na deni kwa mtu yeyote. Hili la karo najua litawaudhi baadhi ya wafadhili wa kweli. Mfadhili wa kweli ataelewa akielezwa.

Mtakaloniuliza ni hili: mtu akisingiziwa je? Kanuni hizi humlinda hata yeye. Kiongozi ambaye hajawahi kuwa faraghani na mtoto hana pa kusingiziwa. Na taarifa ikija, anasimama kando na huduma zote za watoto mpaka uchunguzi umalizike, bila kutangazwa mwizi wala mtakatifu. Wachunguzi ni polisi. Nyinyi msiuchunguze, msimkutanishe mtoto na mtuhumiwa "wapatanishwe," msimrudishie mtoto maswali mara tano mbele ya wazee saba.

Mtoto akikwambia, msikilize, mwambie umemwamini na kwamba kosa si lake. Usimwahidi siri. Piga 116, simu ya watoto, haina malipo na inapokelewa usiku na mchana. Kama ametendewa karibuni, mpeleke hospitali ya serikali kabla ya kuoga, na nguo alizovaa zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, zisitiwe kwenye plastiki. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi hufanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Kikao cha wazee cha Jumamosi ijayo kitakuwa kimeshazipitisha saa hizo. Hospitalini ijazwe fomu ya huduma baada ya ubakaji, na polisi, kwenye dawati la jinsia, watoe fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari hujaza majeraha. Fomu hiyo hailipiwi. Ukiombwa pesa, sema.

Kuhusu msamaha nitasema machache, kwa kuwa ndio unaotumiwa kuzima kesi. Aliyedhulumiwa anaweza kusamehe siku moja, akipenda, kwa wakati wake. Sisi wengine hatukudhulumiwa, hatuna cha kusamehe kwa niaba yake. Na aliyetubu kweli atakwenda mwenyewe kituoni. Anaweza kuombewa gerezani. Malindi ina gereza, na wahubiri huenda huko.

Kwa Idara ya Watoto: familia inayotoka Marafa au Langobaya hutumia siku nzima na nauli ya wiki kufika mjini kuandikisha taarifa, na kesi inapoahirishwa mara ya nne mama hukata tamaa. Njooni kwenye makanisa kabla ya likizo. Mkisimama mbele ya waumini kwa dakika kumi na kusema ofisi yenu iko wapi na nani anapatikana, mtakuwa mmefanya kazi kubwa. Na kambi inayoomba barua ya ruhusa iulizwe kanuni zake kwanza.

Kwa viongozi wote: Jumapili ya mwisho kabla shule hazijafungwa, zisomeni kanuni zenu wakati wa matangazo, pamoja na majina ya mwanamke mmoja na mwanamume mmoja waliochaguliwa kupokea taarifa, ambao si jamaa za mchungaji. Zibandikeni mlangoni kwa Kiswahili ambacho mtoto wa darasa la nne atakisoma, namba 116 ikiwa juu. Mwambieni mtoto mwenyewe, siyo mzazi tu, kwamba mwili wake ni wake na kwamba anaruhusiwa kumkatalia hata mchungaji. Kanisa au chama ambacho hakitakuwa tayari siku hiyo kiahirishe kambi yake.

Walimu kadhaa wa Shule ya Jumapili tumeshaandika rasimu ya kurasa mbili. Tuko tayari kukaa na kamati yoyote, ya kanisa lolote, kuipitia na kuirekebisha.

Wenu katika Bwana,

Mwalimu wa Shule ya Jumapili,
Barani, Malindi